Ua wangu unamwagia jirani maji na matope: je, niweke pevingi zinazopitisha maji?

"Shikamoo mhandisi. Nina nyumba Kinyerezi, kiwanja kina mteremko kidogo kuelekea kwa jirani wa chini. Ua ni kama mita za mraba 180, bado ni udongo mtupu. Paa la nyumba ni kama mita 140 na halina gata. Kila masika matope yanatoka kwangu yanaingia kwake, na safari hii tumefikishana kwa mwenyekiti wa mtaa. Nataka kusakafia ua wote. Fundi wa kwanza anasema niweke pevingi za kawaida, maji yatapenya yenyewe kwenye maungio. Wa pili amenionyesha video ya zege linalomeza maji ya lori zima, anasema nikimwaga hilo mafuriko nitayasikia kwa wenzangu tu. Mume wangu anatengeneza bodaboda hapo hapo uani na oili inamwagika. Nyuma ya nyumba tuna kisima kifupi, maji yake tunafulia na kuoshea vyombo. Mama mkwe anaogopa kwamba maji yakikaa chini ya pevingi yatazaa mbu. Gari letu ni dogo, ila gari la majitaka huingia mara moja moja. Nilipanga fundi aanze Februari. Nifanyeje?"

Marahaba dada yangu, na pole kwa mambo kufika hadi kwa mwenyekiti. Swali lako lina mashaka matatu ndani yake: maji ni mengi, maji ni machafu, na udongo unasafiri. Watu huyachanganya yote wakaita mafuriko, wakatafuta dawa moja. Sakafu inayopitisha maji inaweza kukusaidia sana, ila si ile anayoisema fundi wa kwanza, si kwa ua wote, na kamwe si mahali shemeji anapofungulia injini.

Tuanze na hesabu, maana huwa inapunguza mabishano. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Dar es Salaam hupata takribani milimita 1,100 kwa mwaka, na Aprili pekee huchukua zaidi ya 200. Tuchukue mvua moja nzito ya masika, milimita 50 kwa saa. Ua wako unapokea lita 9,000. Paa lako lisilo na gata linamwaga lita 7,000 nyingine pale pale chini ya upenu. Jumla lita 16,000, yaani ndoo 800 zile za lita 20, ndani ya saa moja. Eneo hilo lilipokuwa kichaka, sehemu kubwa ya maji hayo ilinywewa na ardhi yenye mizizi na majani yaliyooza. Leo udongo umekanyagwa na watoto, gari na bodaboda hadi umekuwa mgumu juu, maji yanateleza, na kila yanapopata kasi yanachota udongo. Ukimwaga zege la kawaida ua mzima, matope yatakoma kweli. Lakini karibu lita zote 16,000 zitamfikia jirani, tena kwa haraka kuliko sasa, na mtarudi kwa mwenyekiti.

Sasa fundi wa kwanza. Pevingi tunazoziona kila mahali, hizi ambazo wenzetu wa Nairobi huziita kabro, hupangwa zikiwa zimebanana, ungio la milimita 2 hadi 5 linalojazwa mchanga laini. Chini yake kuna mchanga, na chini ya mchanga kuna moramu au kifusi kilichoshindiliwa kwa mashine. Miezi ya mwanzo maji kidogo hupenya. Baadaye vumbi, ukungu na majani yaliyosagika huziba maungio, na hata tone linalofaulu kupita hukutana na moramu ngumu lisijue pa kwenda. Ukitaka kuhakikisha, nenda kwenye ua wowote uliowekwa pevingi miaka mitatu iliyopita, mwaga ndoo moja, uone maji yanavyotambaa kuelekea getini. Fundi huyo si mwongo, anasema tu alichokiona siku ya kukabidhi kazi.

Sakafu inayopitisha maji kwa kweli ni tangi lililojazwa mawe na kufunikwa kwa kitu ambacho gari linaweza kukanyaga. Mfuniko una aina zake: vitofali vyenye maungio mapana ya milimita 6 hadi 13 yaliyojazwa kokoto ndogo, zege lisilo na mchanga, lami iliyoondolewa chembe laini, au vitofali vyenye matundu vinavyooteshwa nyasi katikati. Mfuniko ndio unaoonekana, kwa hiyo ndio watu wanaoulizia bei. Kazi kubwa inafanywa na kokoto zilizo chini. Zikiwa za ukubwa mmoja na hazina vumbi, huacha nafasi tupu ya takribani asilimia 40. Ukichanganya kubwa, ndogo na vumbi la kokoto, ndogo hujaza nafasi za kubwa na tangi lako limekwisha kabla mvua haijanyesha. Tabaka la sentimita 25 la kokoto safi linahifadhi maji ya kina cha milimita 100. Maji hupumzika humo, kisha huingia ardhini kwa kasi ambayo ardhi yenyewe inaiweza.

Hiyo kasi ndiyo inayoamua kila kitu, na hakuna fundi anayeweza kuijua kwa macho. Kwenye miinuko ya magharibi mwa jiji udongo hubadilika ndani ya kiwanja kimoja: hapa mchanga mwekundu unaokunywa vizuri, hatua kumi mbele mfinyanzi. Kwa hiyo, kabla ya kununua hata kitofali kimoja, chimba mashimo matatu sehemu tofauti za ua, upana wa futi moja, kina cha sentimita 40 hivi, pale tangi litakapoishia. Kwangua kuta za shimo kwa kijiti, kwa sababu jembe hulainisha udongo na kuuziba kama umepigwa lipu. Jaza maji, yaache yaishe. Jaza tena, yaishe tena, maana udongo mkavu hudanganya, hunywa kwa pupa mara ya kwanza. Mara ya tatu simamisha kijiti chenye alama na utazame saa. Shimo dogo hunywa pia kwa pembeni, kwa hiyo ukipata jibu ligawe kwa mbili uwe salama.

Maji yakishuka milimita 30 kwa saa baada ya kugawa, tangi lililojaa litakuwa tupu ndani ya saa tatu na nusu, na hapo una bahati. Ikiwa ni 13 au zaidi, udongo huo huhesabiwa kuwa unajitosheleza. Kwa milimita 3 tangi litachukua saa 33. Inavumilika, ila mvua ya kesho itakuta ya leo bado imo. Ukipata milimita 1, ni siku nne, na hapo haifai kutegemea ardhi peke yake. Utahitaji bomba lenye matundu chini ya kokoto la kutoa ziada polepole kwenda kwenye mtaro unaokubalika. Kanuni ninayoshika ni kwamba tangi liwe tupu ndani ya saa 72.

Hapo mama mkwe amejibiwa pia. Mbu huhitaji kama wiki moja au zaidi kutoka yai hadi kuruka, tena huhitaji maji yaliyo wazi wanayoweza kuyafikia. Maji yaliyo ndani ya kokoto, chini ya vitofali, yakiondoka ndani ya siku tatu hayamzalii mtu mbu. Mwambie hofu yake aielekeze kwenye matairi ya pikipiki yaliyotupwa nyuma ya gereji.

Kuhusu fundi wa pili, teknolojia anayoisema ni ya kweli na si mpya. Lami yenye vinyweleo ilifanyiwa kazi katika Taasisi ya Franklin mjini Philadelphia mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1977 jimbo la Massachusetts lilijenga maegesho ya namna hiyo karibu na Walden Pond. Video ya lori likimwaga maji juu ya maegesho na maji yakatoweka ilizunguka dunia nzima mwaka 2015. Isichokuonyesha ni huko maji yalikokwenda chini, wala hali ya sakafu ile baada ya misimu kadhaa.

Wasiwasi wangu na zege hilo ni mikono. Lina saruji, kokoto na maji kidogo mno, karibu bila mchanga, na huacha uwazi wa asilimia 15 hadi 25. Maji yakizidi kidogo, uji wa saruji huteremka na kuganda chini ukaziba njia. Yakipungua, kokoto hubanduka moja moja kila gari linapokata kona. Linatakiwa lifunikwe nailoni ndani ya dakika 20 hivi baada ya kumwagwa, likae limefunikwa siku 7, na jua letu halisamehe aliyechelewa. Muulize fundi huyo akupeleke kwenye ua alioumwaga yeye mwenyewe na ambao umepita masika mbili, kisha beba ndoo yako. Akikosa pa kukupeleka, usiwe wewe wa kujifunzia. Kwako nachagua vitofali vyenye maungio mapana, kwa sababu kikititia kimoja kinang'olewa, kinanyanyuliwa, kinarudishwa, na fundi wa mtaani anaweza kazi hiyo akielekezwa.

Sasa uchafu, ambao naona umeuweka nyuma ya swali, nami nauona mkubwa kuliko wingi wa maji. Kwa miezi ya kiangazi ua na barabara hukusanya vumbi la matairi, masizi, matone ya oili, zinki inayochujika kutoka kwenye matairi na mabati, shaba kutoka kwenye breki, na kinyesi cha kuku na mbwa. Mvua ya kwanza nzito huvikomba vyote kwa pamoja. Kutoka Kinyerezi maji huteremkia Mto Msimbazi, hupita Jangwani, hufika baharini kwenye mikoko ya Daraja la Salenda. Yanapopita juu ya sakafu ngumu yanafika huko na mzigo wote.

Yakipita kwenye kokoto, mambo hubadilika. Chembe hunaswa sentimita chache za juu. Madini mengi husafiri yakiwa yameshikamana na chembe hizo, kwa hiyo hunaswa nazo. Matone madogo ya oili hubaki juu ya mawe na bakteria huyala taratibu, kwa kuwa humo ndani mna hewa na unyevu. Udongo wa chini humalizia sehemu ya kazi. Lakini kuna vitu vinavyopita bila kusalimia. Naitreti ya vyooni na ya mbolea ni mojawapo, chumvi ni nyingine, na petroli iliyomwagika kwa wingi ni ya tatu. Sakafu hii huweza matone, haiwezi mmwagiko.

Ndiyo maana gereji ya shemeji lazima iondoke kwenye hesabu hii. Akimwaga lita moja ya oili chafu juu ya kokoto, ameituma ardhini kwa njia ya mkato, kuelekea kisima chenu. Mjengee sakafu ya zege la kawaida, mita 20 za mraba zinamtosha, yenye ukingo mdogo pande zote na paa la bati juu ili mvua isiifikie kabisa. Bila mvua hakuna maji ya kusafirisha oili. Oili iliyotolewa kwenye injini iwekwe kwenye dumu lenye mfuniko na iuzwe kwa wanaoikusanya. Iliyodondoka inyunyiziwe maranda ya mbao, ikusanywe kwa koleo. Na asioshee pikipiki mahali ambapo maji ya sabuni yataingia kwenye pevingi.

Kisima kinanisumbua zaidi. Kanuni ya kawaida ni kuacha mita 30 kati ya kisima na mahali unapoingiza maji ya uani ardhini. Kwenye viwanja vyetu vya mjini hilo halipatikani kirahisi, na shimo la choo la jirani huenda liko karibu kuliko hapo. Kwa hiyo weka pevingi hizi upande wa mbele, mbali na kisima uwezavyo, na paa la upande wa nyuma lisimwage maji karibu nacho. Kisha chukua sampuli uipeleke kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji. Umesema mnaoshea vyombo, na vyombo ni njia ya mdomoni. Kuchemsha huua vijidudu tu. Mafuta na naitreti hubaki humo humo, na naitreti ni hatari hasa kwa mtoto mchanga. Mpaka upate majibu, vyombo vioshwe kwa maji ya bomba.

Mteremko nao una hila yake. Ndani ya kokoto maji hayatulii sawa, hukimbilia mwisho wa chini na kujaa pale huku juu pakiwa tupu, halafu huchomoza kwa jirani chini ya ukuta. Pima kwa kamba na pima maji: nyosha kamba ya mita 10 ikiwa imelala sawa, kisha pima urefu kutoka kamba hadi ardhi upande wa chini. Ikiwa ni sentimita 50 au pungufu, mteremko haujazidi asilimia 5 na unaweza kuendelea, ukigawa tangi kwa vizuizi vya zege au vya nailoni nzito vilivyofukiwa kukata mteremko, kila kimoja kikishikilia maji ya ngazi yake. Ikizidi hapo, ua utahitaji kukatwa ngazi, na hiyo si kazi ya kukadiria. Mwisho wa tangi uwe mita 3 au zaidi kutoka msingi wa nyumba, na umbali huo huo au zaidi kutoka ukuta wa jirani.

Ingekuwa kwangu ningefanya hivi. Katika mita 180, mita 80 za mbele, pale gari linapopita na kusimama, ningeweka vitofali vya maungio mapana. Mita 20 ni banda la shemeji. Mita 80 zinazobaki ningezirudishia nyasi, maua na mti mmoja au miwili. Watu hunikatalia hapa, wanasema nyasi ni ushamba na zinaleta nyoka. Mimi naona ua mzima uliosakafiwa ni joto la bure, na kila mita unayoacha na nyasi ni mita usiyolipia kokoto. Paa la nyumba na la banda ningezifunga gata na kuzielekeza kwenye tangi la maji la lita 5,000. Katika mvua yetu ya milimita 50, mapaa yote mawili yanaleta lita 8,000. Tangi likianza tupu linachukua 5,000, na 3,000 zinazofurika zinaingizwa kwenye kokoto baada ya kupita kwenye chujio la majani. Pevingi zenyewe zinanyeshewa lita 4,000. Jumla 7,000, na chumba cha kokoto cha mita 80 kina uwezo wa lita 8,000. Inatosha, kwa nafasi ndogo, na wakati wote huo ardhi inaendelea kunywa. Acha njia ya dharura juu, ili mvua ikizidi maji yaelekee barabarani penye mtaro na si kwa jirani. Kabla ya kufungua njia hiyo waulize ofisi ya mtaa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa kuwa mtaro wa barabara si mali ya anayepakana nao.

Gharama utaipata ukijua ujazo. Mita 80 kwa sentimita 25 ni mita za ujazo 20 za kokoto, karibu tani 30. Ungeweka ua wote zingekuwa mita 45, tani 65 hadi 70. Ongeza udongo wa kuchimba na kuhamisha: kitofali cha sentimita 8, tandiko la sentimita 5 na tangi la 25 ni kina cha sentimita 38, sawa na mita za ujazo 30 kwa eneo la mita 80, na ukishachimbuliwa huvimba. Omba bei ya vitu hivyo viwili kwanza, kokoto na lori la udongo. Ndivyo vinavyotofautisha kazi hii na pevingi za kawaida. Kitofali chenyewe hakitofautiani sana, alimradi kina vibonye pembeni vya kutunza ungio pana. Chukua vya milimita 80, si 60, kwa ajili ya gari. Gari la majitaka lisimame nje na kuvuta bomba refu. Kama haliwezi, mwambie mhandisi mapema, kwa sababu mzigo huo unabadilisha unene wa kila tabaka.

Makosa ya ujenzi ni machache lakini kila moja linaua. La kwanza ni kushindilia udongo wa chini. Fundi atakwambia bila kushindilia pevingi zitatitia, na kwa pevingi za kawaida yuko sahihi. Hapa ukishindilia umejenga bwawa. Udongo wa chini usawazishwe kwa mkono, ukwanguliwe kwa reki, gari lisipite juu yake. Kinachoshindiliwa ni kokoto zenyewe, tabaka la sentimita 15 kwa wakati. La pili ni kokoto chafu. Kabla lori halijamwaga, chota kokoto, zitie kwenye ndoo ya maji, koroga. Maji yakiwa meupe au mekundu kama uji, ama zioshwe ama zirudi. Kwa tangi nataka kokoto ngumu kama zile za Lugoba, za ukubwa wa milimita 20 hadi 40. Mawe laini ya matumbawe husagika yakikanyagwa. Tandiko la juu na maungio vijazwe kokoto ndogo za milimita 6 hivi, na hapa ndipo utakapolazimika kusimama mwenyewe, maana fundi akigeuka kidogo tu msaidizi atamwaga mchanga kama alivyozoea. Mchanga ukishaingia hautoki. Pembeni weka kitambaa cha kuchujia ili udongo wa ukingoni usiingie, na kabstoni imara za kuzuia vitofali kusogea. La tatu ni kutumia sakafu mpya kama jukwaa la kukorogea zege la kazi nyingine. Nimeona sakafu nzuri ikifa kwa alasiri moja namna hiyo.

Baada ya hapo adui yako ni vumbi la barabara isiyo na lami, na udongo wa bustani ulioko juu ya sakafu. Ndiyo maana nyasi ziote kwanza, pevingi baadaye. Fagia kwa chelewa kila wiki, ukusanye taka, usizisukume kwenye maungio. Mara moja kwa mwaka, Februari hivi, pima. Kata kitako cha ndoo pana ya sentimita 30, ibandike juu ya pevingi kwa mfinyanzi pembeni isivuje, mimina lita 5. Zikipenya ndani ya dakika moja au mbili, hali ni njema kabisa. Dakika 10 bado ni zaidi ya milimita 400 kwa saa, kasi inayozidi mvua yoyote utakayoiona. Zikikaa zaidi ya nusu saa, chokoa maungio sentimita 2 au 3 za juu, zioshe kokoto hizo ndogo kwenye karai, zirudishe. Uchafu mwingi hukaa hapo juu, hauendi chini.

Usinunue ahadi ya kwamba mafuriko utayasikia kwa wenzako. Sakafu hii imetengenezwa kwa mvua za mara kwa mara na mwanzo wa mvua kubwa, pale uchafu ulipo. Desemba 2011 mvua iliyoua watu zaidi ya 40 jijini na kuwahamishia waathirika wengine Mabwepande haingezuiwa na ua wako, wala na nyua elfu. Wachina waliopanga miji ya kunyonya maji kwa fedha nyingi waliona Zhengzhou ikizama tarehe 20 Julai 2021, ilipopokea milimita 201.9 kwa saa moja. Hata hivyo wenzetu hawakuacha. England tangu Oktoba 2008 anayetaka kusakafia zaidi ya mita 5 za mraba mbele ya nyumba kwa kitu kisichopitisha maji, bila kuyaelekeza kwenye bustani, huomba kibali. Miji mingi ya Ujerumani hutoza ada ya maji ya mvua kwa kila mita iliyozibwa. Wanafanya hivyo kwa kuwa lita 16,000 zikizidishwa kwa kila nyumba ya mtaa ndizo zinazoujaza mto.

Tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi aje kiwanjani, badala ya kuniandikia mimi, ikiwa mteremko umezidi asilimia 5, ikiwa ukuta wa chini unashikilia udongo au una ufa, ikiwa shimo la majaribio linashuka chini ya milimita 3 kwa saa, au ikiwa shimo la choo lenu liko ndani ya eneo unalotaka kuchimba. Ukuta ndio wa haraka kuliko vyote. Maji yakiongezwa nyuma ya ukuta dhaifu huuangusha, na upande wa pili kuna watoto wa jirani.

Februari usichimbe tangi la kokoto. Kokoto hazitakuwa zimekamilika, Machi mvua itakukuta na shimo wazi, na matope yale yale yatalijaza na kuliziba kabla halijaanza kazi. Pevingi zisubiri Juni, masika ikiisha. Februari chimba mashimo ya majaribio, funga gata, weka tangi la maji, mjengee shemeji banda lake. Mvua za kwanza zikinyesha, panda mistari miwili ya mchaichai au vetiva kukata mteremko, mita mbili au tatu kabla ya mpaka, mashina yakiwa karibu karibu bila mwanya. Mche mkubwa wenye mizizi huanza kunasa matope baada ya wiki chache, kwa hiyo nunua vishina vilivyokomaa, usipande vipande.